Pikipiki ya rimoti ikigoma, usikimbilie kununua stata

Safu hii mmezoea kuisoma ikizungumzia bandari, mashamba na ahadi za wanasiasa. Leo nataka tuzungumze habari ya nyaya. Najua kuna atakayesema huyu naye amekosa la kuandika, lakini naomba anivumilie, maana nyumba nyingi za Pwani siku hizi zinakula kwa pikipiki.

Msimu wa mvua uliopita, baada ya swala ya Isha, simu yangu ililia. Alikuwa shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, anayeendesha bodaboda Kitale. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekimbia.

"Shemeji, leo Mungu ametuokoa tu."

Alikuwa amempakia mama mmoja na mtoto wake mwenye homa, anawatoa Kamukuywa kuwapeleka hospitali Kitale. Kabla ya kufika Kiminini, pikipiki ikazimika ghafla. Haikuwa injini peke yake. Taa ya mbele, taa ya nyuma, indiketa na honi, vyote vilikufa kwa pamoja, mvua inanyesha, na nyuma yake kuna lori. Barabara ile ndiyo inayobeba malori yanayopanda Lodwar hadi mpaka wa Sudan Kusini, na madereva wake hawatarajii kukuta kitu cheusi kimesimama katikati ya lami. Lililomwokoa ni ile jaketi yenye mistari ya kung'aa. Dereva aliiona, akakata usukani, akapita huku akipiga honi. Mama na mtoto wakapata gari jingine. Shemeji akasukuma pikipiki kwa mguu.

Kesho yake akaenda kwa fundi. Fundi akasema ni betri. Ikanunuliwa. Baada ya siku tatu pikipiki ikazimika tena, fundi akasema ni CDI. Ikanunuliwa. Halafu kitufe cha stata kikawa leo kinashika kesho hakishiki, fundi akasema stata imekwisha. Ikanunuliwa nayo. Jumla ilipita shilingi 11,000, na mkopo wa pikipiki ile unalipwa kila siku, itembee isitembee. Aliponipigia mara ya pili alikuwa anafikiria kuirudisha kwa wenye mkopo.

Mimi si fundi wa pikipiki. Nina diploma ya umeme niliyoipata Mombasa Polytechnic, pale ambapo wazee wetu bado wanapaita MIOME, na maisha yangu nimeyapitisha kwenye umeme wa majumba na mitambo midogo. Lakini umeme wa volti 12 na wa volti 240 una tabia moja: unatoka mahali, unapita njia, unarudi ulikotoka. Njia ikikatika, kila kitu mbele yake kinakufa, hata kiwe kipya namna gani. Nikamwambia asinunue kitu tena mpaka nifike. Nilikuwa na safari ya Bungoma hata hivyo, kwa wakwe.

Kwa wasiopajua, Bungoma na Kitale si mbali. Unapitia Webuye, kisha Kamukuywa na Kiminini, au unakatiza Chwele na Kimilili. Watu wetu wa Pwani si wageni kabisa sehemu zile. Misafara ya zamani ilifika Mumias, na ndiyo maana ukienda kuswali huko unakuta wazee wanaosema Kiswahili kisafi kuliko vijana wetu wa Kisauni. Na bodaboda yenyewe ni mtoto wa upande ule. Ilianza kwa baiskeli za kuvusha watu mpaka wa Busia miaka ya 1960. Pikipiki zilikuja kwa wingi baadaye, hasa baada ya serikali kuondoa VAT kwa pikipiki za chini ya cc 250 mwaka 2008.

Sasa tuingie kwenye mambo yenyewe. Pikipiki nyingi za bodaboda hazitoki kiwandani na rimoti. Zinatoka na ufunguo. Mwenye pikipiki akishaogopa wezi, au ufunguo ukishavunjika ndani ya tundu, anakwenda kufungiwa alamu ya Kichina: kisanduku kidogo cheusi chini ya kiti, king'ora, na rimoti mbili. Ukibonyeza rimoti, kisanduku kinafanya kazi mbili zilizokuwa za mkono wako. Kwanza kinapeleka umeme pale ambapo ufunguo ungeupeleka. Pili kinaamrisha stata kama vile umebonyeza kitufe. Ni kitu kizuri kikifungwa vizuri. Shida ni kwamba ili kifungwe, lazima mtu akate nyaya za pikipiki yako au azivue ngozi, na hapo ndipo kila kitu kinategemea mkono wa aliyefunga.

Kabla ya kugusa bisibisi, jiulize maswali matatu. La kwanza: ukiwasha, taa na honi zinafanya kazi? Kama vyote vimekufa, usihangaike na plagi wala stata. Tatizo liko mwanzoni mwa njia: betri na vichwa vyake, fyuzi, waya mkuu, swichi ya ufunguo, au kisanduku cha alamu kama umeme wote unapitia humo. La pili: taa zipo lakini kitufe cha stata hakifanyi kitu, je, ukipiga kiki inawaka? Ikiwaka, basi moto wa plagi ni mzima na petroli ipo. Ubaya uko kwenye njia ya stata peke yake. La tatu: stata inazunguka vizuri lakini injini haishiki? Hapo iache stata, nenda kwenye plagi, karbureta na njia ya kuzimia injini. Maswali haya hayahitaji hata senti moja, na yangemwokolea shemeji yangu pesa zote zile. Pikipiki inayokufa taa na injini kwa pamoja haiwezi kuwa na ugonjwa wa stata.

Nilifika Bungoma Alhamisi. Ijumaa baada ya swala habari ilikuwa imeshaenea kwamba kuna mtu wa umeme kutoka Mombasa, na nje ya msikiti nikamkuta kijana ananingoja na pikipiki yake.

"Mzee, hii kitu inakubali ikitaka," aliniambia.

Alikuwa ameshabadilisha rilei ya stata mara mbili. Rilei ndiyo ile yenye boliti mbili nene, inayopokea amri ndogo kutoka kwenye kitufe na kufungulia umeme mkubwa uende kwenye stata. Nikamwambia abonyeze. Kimya, hata mlio wa "tka" hakuna. Nikamwambia avute klachi, abonyeze tena. Ikawaka. Akaachia klachi, akazima, akajaribu: kimya. Pikipiki yake ilikuwa na swichi ndogo kwenye mkono wa klachi, inayozuia stata isizunguke kama hujavuta klachi au hujaweka gia huru, na swichi ile ya gia huru kule chini kwenye injini waya wake ulikuwa umechomoka. Tukauosha na kuurudisha. Kazi ya dakika kumi. Alicheka kwanza, kisha alipokumbuka rilei mbili alizonunua akaacha kucheka.

Mlio ule wa "tka" una habari nyingi kuliko watu wanavyodhani. Ukibonyeza na usisikie kitu, amri haifiki kwenye rilei: kitufe, swichi ya klachi, swichi ya gia, au waya katikati. Ukisikia mlio mmoja wa nguvu na stata isizunguke, rilei imeitika lakini umeme mkubwa haupiti: vichwa vya betri vimelegea, waya mnene una kutu, meno ya ndani ya rilei yameungua, au kaboni za stata zimekwisha. Ukisikia "tka-tka-tka" kama mashine ya kushonea, karibu kila mara ni betri dhaifu. Inakuwa na nguvu ya kuishika rilei, lakini stata ikianza kuvuta, volti zinaporomoka, rilei inaachia, volti zinapanda, inashika tena.

Mita ya kupimia umeme siku hizi haina bei kubwa, na steji nzima inaweza kuchangia moja. Betri iliyojaa, pikipiki imezimwa na imepumzika, isome volti 12.6 au zaidi kidogo. Ikisoma 12.2 iko nusu. Chini ya 12 imekwisha chaji. Bonyeza stata ukiwa umeishika mita palepale: ikianguka chini ya 10, betri imechoka au haina chaji. Kisha washa injini, vuta mafuta kiasi, utazame tena. Inatakiwa isome kati ya 13.5 na 14.5. Ikibaki kwenye 12, haichajiwi, na betri mpya utakayonunua itakufa vilevile. Ikipita 15, kile kifaa cha kudhibiti chaji kimeharibika, na hicho kinaua balbu, betri na kisanduku cha alamu bila huruma.

Kuna kipimo kingine ambacho mafundi wengi hawakifanyi. Weka mguu mmoja wa mita kwenye hasi ya betri, mwingine kwenye chuma kitupu cha injini, kisha bonyeza stata. Mita ikionyesha zaidi ya nusu volti, ethi yako ni mbovu: umeme unapata taabu kurudi nyumbani. Fungua boliti ya waya huo, kwangua rangi na kutu mpaka chuma king'ae, funga tena, paka grisi. Kwetu Pwani ugonjwa huu ndio mkubwa. Hewa ya chumvi inaigeuza shaba kuwa ukungu wa kijani hata ndani ya soketi iliyofungwa. Kitale nako hawana chumvi, lakini wana mvua ndefu, baridi ya asubuhi, na tope jekundu la mashamba ya mahindi. Na kote kuna tabia ya kuosha pikipiki kwa bomba la nguvu, maji yanaelekezwa moja kwa moja kwenye swichi za mkononi na tundu la ufunguo. Maji ya namna ile yanaingia mahali ambapo mvua haingii.

Kitufe cha stata chenyewe ni kitu rahisi. Ndani kuna vipande viwili vya shaba na springi. Toa hasi ya betri kwanza. Fungua zile skrubu mbili za nyumba ya swichi, mkono wa kulia, na ufanye hivyo juu ya kitambaa, kwa sababu ile springi ikiruka kwenye nyasi utaitafuta mpaka Magharibi. Safisha shaba kwa msasa laini, futa vumbi, paka grisi kidogo sana, rudisha. Kama kimekatika plastiki, nunua swichi nzima. Bei yake si kitu ukilinganisha na stata.

Ukitaka kujua kama stata ni nzima kabla hujaambiwa ununue nyingine, mafundi wana njia ya kugusanisha zile boliti mbili nene za rilei kwa bisibisi. Ikizunguka, stata na betri ni nzima, ubaya uko kwenye rilei au njia ya amri. Lakini hapa nawaomba mnisikilize vizuri. Gia lazima iwe huru, maana njia hii inaruka kinga zote na pikipiki itakurukia. Cheche zitatoka, kwa hiyo pasiwe na petroli inayovuja. Na uvue pete mkononi.

Kuna pia ubaya wa kinyume, stata ikishika isiachie. Unazima ufunguo, yenyewe inaendelea kulia. Meno ya rilei yameungana kwa joto. Usisimame kushangaa: chomoa waya wa betri mara moja, kisha ndiyo utafute rilei mpya.

Jumamosi nikapanda Kitale. Shemeji alikuwa ameiegesha pikipiki chini ya mwembe nyumbani kwake, mkewe ametutolea mkeka na chai. Nikamwomba aiwashe kwa rimoti. Ikawaka mara ya kwanza, inanguruma vizuri kabisa. Ugonjwa wa umeme una aibu mbele ya wageni. Nikamwambia aiache inguruma, nikashika usukani nikaugeuza pole pole kushoto mpaka mwisho, kisha kulia. Hakuna kitu. Hii ni hatua usiiruke, kwa sababu nyaya zote za swichi zinapita shingoni mwa pikipiki na zinakunjwa kila unapokata kona, kwa hiyo hukatikia hapo, ndani ya ngozi, ambapo jicho halioni. Shingo ilikuwa salama. Tukafungua kiti.

Chini ya kiti nikakuta kile kisanduku cha alamu, na tepu nyeusi nyingi kama kidonda kilichofungwa. Nikaanza kubonyeza kila tepu kwa kidole, injini ikinguruma. Ya tatu, pikipiki ikakata. Nikaachia, shemeji akabonyeza rimoti: kimya. Nikabonyeza tepu tena: taa zikarudi.

Tulipoivua tepu, hadithi yote ilikuwa pale. Aliyefunga alamu alikuwa ameukata waya unaotoka kwenye swichi ya ufunguo, ule unaolisha pikipiki nzima, akaupitisha ndani ya kisanduku, na mwisho mmoja akausokota tu na ule mwingine kwa vidole. Hakuna risasi, hakuna soketi, ni shaba imesokotwa na shaba na tepu juu. Isitoshe waya wa alamu ni mwembamba kama wa redio, na ulikuwa unabeba taa ya mbele, honi, indiketa na CDI. Kiungo kilichosokotwa vibaya kinapata joto, joto linazidisha kutu, kutu inazidisha joto. Ngozi ya waya ilikuwa imegeuka rangi ya kahawa na kuwa ngumu. Siku ya mvua na shimo la barabara, kikaachia. Pikipiki ile inategemea betri kwa moto wa plagi, ndiyo sababu injini ilikufa pamoja na taa. Pikipiki nyingine CDI yake inalishwa na koili za magineti moja kwa moja. Hiyo taa zingezimika lakini injini ingeendelea.

Hata kitufe cha stata kilichokuwa kinagoma kilikuwa kinalishwa kutoka waya huohuo. Betri aliyonunua, CDI aliyonunua, stata aliyonunua, zote hazikuwa na kosa. Za zamani fundi alibaki nazo.

Sitaki kumsema sana fundi yule. Steji nyingi hazimlipi fundi kwa kutafuta; zinamlipa kwa kufunga kitu kipya. Akikaa saa mbili anafuatilia waya na kukuta kiungo kimelegea, mteja atasema, "Ni waya tu, nakupa mia." Akikuuzia stata ana faida yake na mteja ameridhika kwamba amefanyiwa kazi. Tukitaka mafundi wanaofikiri, itabidi tulipe ile saa ya kufikiri.

Kazi yetu haikuwa kubwa. Tulikata sehemu iliyoungua, tukaunganisha waya wa pikipiki jinsi ulivyotoka kiwandani kwa waya mnene wa kutosha, tukachomelea kwa risasi, tukauvika mpira unaosinyaa kwa joto, tukaufunga mbali na chuma kisichotulia. Alamu tukaiachia king'ora na indiketa peke yake. Haigusi tena umeme wa injini. Shemeji alisikitika kidogo kupoteza ule ufahari wa kuwasha pikipiki akiwa amekaa kibandani, lakini nilimkumbusha lile lori.

Kwa anayetaka kubaki na rimoti ya kuwashia, kuna mambo ayajue. Alamu nyingi za aina hii zinapeleka amri moja kwa moja kwenye rilei bila kupitia swichi ya klachi wala ya gia. Ukiiacha pikipiki kwenye gia kisha mtoto akachezea rimoti, itaruka mbele. Iache kwenye gia huru, na rimoti isiwe mfukoni pamoja na funguo na sarafu zinazoibonyeza. Baadhi zina kipengele cha kuzima injini ikiwa inatembea, ati kwa ajili ya wezi. Rimoti ikibanwa bahati mbaya ukiwa barabarani, utazimika vilevile kama shemeji. Kipengele hicho kiondolewe. Kisha kuna betri ya rimoti yenyewe, ile ndogo kama kifungo au kama kidole cha mtoto. Ikianza kukubidi usogee karibu zaidi kila wiki, ibadilishe kabla hujalaumu kisanduku.

Na kisanduku hakilali. Kinasikiliza rimoti usiku na mchana. Kikila miliampea 20, kwa saa 24 ni karibu nusu ampea-saa. Betri ya ampea-saa 5 itamalizwa kwa siku kumi, na nguvu ya kuzungusha stata itapotea mapema zaidi. Bodaboda inayotembea kila siku haitaona kitu. Lakini mwenyewe akiugua wiki moja, au akienda kijijini kwa mazishi, anarudi anakuta pikipiki imekufa na anaambiwa ni stata. Ukiiegesha kwa siku nyingi, chomoa hasi ya betri.

Kuhusu wezi pia tusidanganyane. Rimoti nyingi za bei nafuu zinatuma nambari ileile kila mara, na nambari isiyobadilika inaweza kunakiliwa kwa kifaa kidogo tu. Anayeondoa kabisa swichi ya ufunguo na kuweka kitufe cha siri chini ya kiti, kama nilivyoona kwa vijana wawili pale Kitale, amemrahisishia mwizi. Kile kifungo cha usukani kinachofungwa kwa ufunguo ni chuma, hakina betri, na hakinakiliwi kwa redio. Ufunguo ukivunjika, badilisha swichi nzima ya ufunguo.

Jambo moja la kitaalamu linalowachanganya wengi, kisha niwaachilie. Pikipiki za Kichina zilizoiga Honda, waya mwekundu unatoka betri, mweusi ndio unaopata umeme ukiwasha ufunguo, kijani ni ethi, mweusi wenye mstari mweupe ni wa kuzimia injini, na manjano yenye mstari mwekundu huenda kwenye rilei ya stata. Bajaj na TVS zina rangi zao, kwa hiyo pima, usiamini macho. Ule wa kuzimia ni wa ajabu, maana kwenye pikipiki hizi unafanya kazi kinyume: ukigusana na ethi, moto wa plagi unakufa. Maji yakiingia kwenye swichi ya ufunguo, au alamu ikiharibika, waya huu unaweza kuvuja kwenda ethi. Taa zinawaka, stata inazunguka, plagi haitoi cheche, na fundi anauza CDI. Uchomoe waya huo peke yake kwenye CDI na ujaribu. Cheche zikirudi, CDI ni nzima; mkosaji ni swichi ya ufunguo, swichi ya kuzimia mkononi, au alamu. Ila ujue ufunguo hautaizima tena injini wakati huo. Itabidi uweke gia ya juu, ushike breki na uachie klachi pole pole mpaka ife.

Wenye zile skuta za bei ya juu zilizotoka kiwandani bila ufunguo, kama Honda PCX, haya ya kukata na kuunga nyaya hayawahusu. Zile kompyuta yake inatambua rimoti yake peke yake. Betri ya rimoti ikifa kuna utaratibu wa dharura ndani ya kitabu chake, unaotumia nambari iliyokuja na rimoti. Kibao chenye nambari hiyo kiwekwe nyumbani, kisikae kwenye skuta.

Shemeji sasa anatembea na taa ya kujaribia niliyomtengenezea siku ile: balbu ya indiketa, waya mbili, na kibanio kimoja. Kibanio kwenye ethi, ncha nyingine unafuata nayo waya kuanzia betri, hatua kwa hatua, mpaka pale balbu inapoacha kuwaka. Juzi alinipigia nikadhani ni tatizo tena. Kumbe taa yenyewe ndiyo imepotea, ameiazima mwenzake wa steji, na huyo naye ameiazima mwingine upande wa Kiminini. Anataka nimtumie nyingine na basi la jioni.